Usalama wa Watu na Haki za Mtu Aliyekamatwa

Mtu akishikwa kwa kushukiwa kwamba ametega bomu, askari huwa na swali moja lisiloweza kungoja: Je, liko bomu jingine? Lakini sheria nayo ina amri yake, kwamba mtu aliyekamatwa aelezwe haki zake kabla ya kuhojiwa. Watu wengi hudhani kuwa lazima moja litupwe ili jingine lipone. Sivyo. Yafaa tueleze jinsi nchi ya Marekani ilivyojaribu kuyapatanisha, maana jambo hili limetugusa hata sisi wa Kenya.

AMRI YA MWAKA WA 1966

Katiba ya Marekani yakataza mtu kulazimishwa kuwa shahidi juu ya nafsi yake mwenyewe. Katika mwaka wa 1966, katika kesi ya Ernesto Miranda, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamuru kwamba polisi wamwambie mtu waliyemshika mambo manne kabla ya kumhoji: kwamba aweza kunyamaza, kwamba atakayosema yaweza kutumiwa juu yake mahakamani, kwamba ana haki ya kuwa na wakili, na kwamba akiwa hana fedha, atapewa wakili. Polisi wasipofanya hivyo, haina maana kuwa mshitakiwa hufunguliwa mlango aende zake. Ila maneno yake hayakubaliwi kuthibitisha hatia yake. Miranda mwenyewe alishitakiwa tena kwa ushahidi mwingine, akapatikana na hatia.

BASTOLA ILIYOFICHWA DUKANI

Mwaka wa 1980, katika mji wa New York, polisi walimfukuza mtu mwenye bastola mpaka ndani ya duka kubwa. Walipomshika, mkoba wa bastola ulikuwa mtupu. Askari mmoja akamwuliza palepale, bastola i wapi? Naye akaonyesha. Mahakama ya Juu ikaamua mwaka wa 1984 kwamba jibu lile na bastola ile vyaweza kukubaliwa, ingawa mtu yule hakuwa ameelezwa haki zake. Kwa kuwa silaha iliyofichwa dukani ingaliweza kumdhuru mnunuzi au kuokotwa na mwovu mwingine. Lakini ruhusa hiyo ina mpaka. Swali sharti litokane na hatari iliyopo, wala si tamaa ya kupata ungamo. Tena maneno yaliyopatikana kwa kumtesa mtu hayakubaliwi kamwe.

MABOMU YA BOSTON

Tarehe 15 Aprili 2013 mabomu mawili yalilipuka katika mashindano ya mbio mjini Boston. Watu 3 walikufa na zaidi ya 260 waliumia. Tarehe 19 kijana Dzhokhar Tsarnaev alikamatwa, akiwa na majeraha mabaya. Wapelelezi wa FBI walimhoji hospitalini bila kumweleza haki zake, wakitaka kujua kama yako mabomu mengine au wenzi wengine. Tarehe 22 hakimu alifika kitandani pake, akamweleza haki zake. Wako waliosema kwamba haki zilichelewa, na wako waliosema kwamba hakimu alikuja mapema mno. Hata hivyo mwaka wa 2015 alipatikana na hatia katika mashitaka yote 30, na serikali haikuhitaji maneno yale ya hospitalini ili kuithibitisha.

JAMBO HILI NA KENYA

Tarehe 7 Agosti 1998 bomu liliharibu ubalozi wa Marekani mjini Nairobi, na watu 213 wakauawa. Mmoja wa waliokamatwa alihojiwa hapa Nairobi na Wamarekani, kisha akapelekwa New York kushitakiwa. Mawakili wake walidai kwamba hakuelezwa haki zake sawasawa. Jaji aliyapima maneno hayo, akakubali sehemu kubwa ya yale aliyoyasema, na mwaka wa 2008 mahakama ya rufani ikaunga mkono. Washitakiwa wanne walipatikana na hatia mwaka wa 2001.

Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010, kifungu cha 49, yasema kwamba mtu aliyekamatwa aambiwe upesi, kwa lugha anayoifahamu, sababu ya kukamatwa kwake na haki yake ya kunyamaza. Tena afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita, au siku ya kwanza ya mahakama ikiwa muda huo waishia siku isiyo ya kazi. Kifungu cha 25 chakataza mateso kabisa.

KWA NINI SHERIA YAWEKA MPAKA?

Wengine watauliza, mwuaji astahili haki gani? Jibu ni kwamba anayeshikwa leo hajulikani bado kuwa ndiye mwuaji. Aweza kuwa ndugu yako aliyepita njiani tu. Tena mtu aliyeshikwa na hofu husema neno lolote ili aachwe, na neno la uwongo hupeleka polisi kwenye nyumba isiyo na kosa, huku bomu la kweli liko kwingine. Basi hatari ikiwapo, askari aulize habari za hatari hiyo. Hatari ikiisha kupita, na maswali ya hatia yafuate sheria, mbele ya wakili na hakimu.