"Ji" Moja, "Self" Nane

Mzazi akiiandikia shule kwamba watoto wamepigana uwanjani, neno moja linaweza kugeuza habari nzima. "They hurt each other" maana yake waliumizana. "They hurt themselves" maana yake walijiumiza, na mwalimu anaweza kudhani walianguka tu, au hata jambo zito zaidi. Kiswahili chetu kinatenganisha mawili haya waziwazi. Kwa hiyo kabla ya kuandika, jiulize: ni kujiumiza au ni kuumizana? Jibu litakuonyesha neno la Kiingereza.

Ugumu mwingine uko kwenye idadi. Kwetu "ji" ni ile ile kwa wote: ninajiona, unajiona, wanajiona. Kiingereza kina maneno manane, na lazima lifuate mtendaji.

Umoja: myself, yourself, himself, herself, itself.
Wingi: ourselves, yourselves, themselves.

Angalia mwisho wa neno: "self" ni mmoja, "selves" ni wengi. Mitaani utasikia "hisself" na "theirselves", lakini usiyaandike kwenye insha wala barua ya kazi.

"You" ni wewe na pia ni nyinyi. Hapa ndipo tofauti inapojitokeza. Mgeni mmoja mkaribishe chakula kwa "Help yourself"; wakiwa watatu, "Help yourselves".

Mitego mitatu ya kuangalia

Kwanza, si kila "ji" inahitaji "self". Najisikia vibaya ni "I feel unwell". Najifunza ni "I am learning". Tulijiunga na chuo ni "We joined the college". Ukiongeza "myself" au "ourselves" katika sentensi hizi, utakuwa umetafsiri Kiswahili neno kwa neno.

Pili, "myself" si adabu zaidi kuliko "me". Wengi huandika "Please contact myself" wakidhani ndiyo heshima. Anayewasiliana hapo ni mwingine, si wewe, basi sema "Please contact me". Vivyo hivyo, "My wife and I live here", si "Myself and my wife".

Tatu, "everyone" huleta picha ya watu wengi, lakini kitenzi chake ni cha umoja: "Everyone is here", si "Everyone are here". Hata hivyo, "Everyone enjoyed themselves" inakubalika.

Jaribuni nyumbani

Mkiwa mezani, chagueni kitenzi kimoja, mfano kujikata. Mmoja aseme kwa Kiswahili: nilijikata, ulijikata, mlijikata, walijikata. Mwingine ajibu kwa Kiingereza: "I cut myself", "You cut yourself", "You cut yourselves", "They cut themselves". Kisha mbadilishane zamu. Mzazi atazoea "selves", na mtoto aliyezaliwa ugenini atajua kwamba walijipenda na walipendana ni habari mbili tofauti.