"Ni Uzee Tu" Si Jina la Ugonjwa

Yako maneno matatu ambayo hapa kwetu Kingolwira, kilomita chache kabla hujaingia Morogoro mjini ukitokea Dar es Salaam, nayasikia mara kwa mara. Bibi haoni vizuri, wajukuu wanasema: "Ni uzee tu." Babu hawezi kuinuka kitini: "Ni uzee tu." Mama mkubwa anasahau majina ya watoto aliowazaa mwenyewe: "Ni uzee tu." Maneno haya hutamkwa kwa upole, tena kwa heshima. Lakini mimi nasema yanawapofusha wazee wetu, yanawalaza kitandani, na mara nyingine yanawaua.

Ni kweli, mwili ukizeeka hupungua nguvu. Lakini magonjwa ya wazee yana majina, na mengi yana tiba.

Tuanze na macho. Mtoto wa jicho ni ukungu unaotanda kwenye lenzi ya jicho. Hautoki kwa dawa ya matone wala kwa miti shamba. Hutolewa kwa upasuaji mdogo, ambao kwa kawaida hauchukui hata saa moja, na daktari huweka lenzi ya bandia. Sasa fikirini bibi anayeongozwa kwa fimbo miaka mitano, na mjukuu anayemwongoza haendi shule. Hapo wamepofuka wawili. Tena huko Shinyanga na Mwanza vikongwe wameuawa kwa kuitwa wachawi, ushahidi ukiwa macho mekundu, kumbe ni moshi wa jikoni wa miaka hamsini.

La pili ni presha. Katika Wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, watafiti walipima wazee zaidi ya 2,000 wenye umri wa miaka 70 na kuendelea. Karibu saba katika kila kumi walikuwa na shinikizo kubwa la damu, na wengi wao hawakuwa wakijua. Presha haipigi hodi. Siku mzee akipinda mdomo na mkono ukafa ganzi, watu husema amerogwa au amepigwa na upepo mbaya, kumbe ni kiharusi. Mzee mwenye presha hunywa dawa kila siku, hata siku anapojisikia mzima. Kuacha kwa sababu "nimepona" ndiko kunakoleta msiba.

La tatu ni akili. Hapa naomba mnisikilize vizuri. Usahaulifu unaokuja polepole, mwaka hadi mwaka, huenda ni maradhi ya ubongo. Hayo mengi hayana dawa ya kuyaponya, lakini mgonjwa anahitaji uangalizi na uvumilivu, si kufokewa. Lakini mzee aliyekuwa mzima jana, leo anaongea ovyo na hajui yuko wapi, huyo ni mgonjwa wa dharura. Yaweza kuwa malaria, maambukizi ya mkojo, homa ya mapafu, sukari iliyoshuka, au kukosa maji mwilini, maana mzee hahisi kiu kama kijana. Akitibiwa mapema, mara nyingi akili hurudi.

La nne ni dawa za maumivu. Magoti yakiuma, mjukuu anakimbia duka la dawa kununua diklofenaki. Dawa hiyo ikitumiwa ovyo kwa muda mrefu huweza kutoboa tumbo, kuharibu figo na kupandisha presha ile ile tunayoihangaikia. Ukimpeleka mzee hospitali, beba dawa zake zote, hata za mitishamba, daktari azione.

Ndugu zangu, nyumbani napo pana kazi. Taa iwake njiani kwenda chooni, na ukutani pawe na kitu cha kushika, kwa sababu mzee akivunjika nyonga, wengi hawatembei tena. Aliyelala kitandani ageuzwe kila baada ya saa mbili hivi, asije akatoka vidonda vya mgongo.

Msiseme serikali haijui habari hizi. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilitamka kwamba mzee ni mtu wa miaka 60 na zaidi, na kwamba wazee wasio na uwezo watibiwe bure katika vituo vya serikali. Vitambulisho vya matibabu vikatolewa, na hospitalini kukabandikwa maandishi ya kumtanguliza mzee. Lakini kitambulisho hakitembei chenyewe. Lazima mtu amwandikishe mzee, ampeleke, akae naye foleni, kisha ahakikishe dawa imepatikana.

Na huyo mtu ni nani? Waluguru huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na mjomba ana haki kwa wapwa zake. Lakini wapwa wako Kariakoo, wana wako Mwanza. Wewe unayesoma haya mjini unatuma fedha kila mwezi, na ni vyema. Je, unajua presha ya mama yako ni ngapi? Ni nani aliyemtazama macho mara ya mwisho, na lini?

Tunachangishana haraka sana fedha za jeneza na mabasi ya kwenda mazishini. Nauli ya kumpeleka mzee kliniki ni ndogo kuliko hizo. Tuitoe angali hai.