Kufundisha Uchomoaji wa Pini za Plagi katika Vioo vya Pembeni vya Gari

Mwalimu wa ufundi afundishaye katika kijiji cha pwani kama Mangapwani, kaskazini-magharibi ya Unguja, hana haja ya kwenda mbali kutafuta zana za somo la umeme wa gari. Magari yaliyotumika yatokayo Japani ni mengi Visiwani, na aghalabu vioo vyake vya pembeni huendeshwa kwa umeme. Vioo hivyo ndivyo vitanguliavyo kuumia: hukwaruza ukuta vichochoroni, au hugongana na vya gari jingine barabara ikiwa nyembamba. Hapo huletwa kwa fundi.

Kukifungua kioo mlangoni si kazi. Ni nati au skrubu chache tu. Kazi iko katika waya. Katika vioo vingi vinavyokunjika, waya hupita ndani ya mhimili wenye tundu jembamba, ilhali plagi iliyo mwishoni ni pana kuliko tundu hilo. Atakaye kubadili gamba lililovunjika ana njia mbili: azikate waya, au azichomoe pini katika plagi moja baada ya moja, azipitishe tunduni, kisha azirudishe mahali pake. Mafundi wengi hukata, wakazisokota na kuzifunga utepe, na mwenye gari hulipa akaenda zake akiwa radhi. Lakini ndani ya mlango hamkosi maji. Mvua hupenya pembeni mwa kioo cha dirisha na kutokea katika vitundu vya chini, na upepo wa bahari huleta chumvi. Shaba iliyo wazi chini ya utepe hugeuka kijani, umeme hupita kwa shida, na kioo huja kikagoma. Kwa sababu hiyo twashikilia kwamba mwanafunzi afundishwe kuchomoa kabla hajashikishwa koleo ya kukatia.

Somo lianzie mezani, si garini. Plagi kuukuu zilizotolewa katika magari mabovu zatosha, na njiti ya gurudumu la baiskeli iliyonolewa bapa kwa tupa hufanya chombo kizuri. Mwanafunzi aongozwe kwanza kutazama. Plagi nyingi zina kufuli mbili: kipande cha plastiki kinachozuia pini zote kwa pamoja, mara nyingi chenye rangi ya peke yake, ambacho husogezwa kwanza, na ulimi mdogo unaoshika kila pini. Ulimi huo huenda ukawa wa plastiki, sehemu ya plagi yenyewe, nao huinuliwa. Au ukawa wa chuma, umechomoza katika pini, nao hubanwa mpaka ulale. Asiyeipambanua tofauti hii atavunja.

Waya isukumwe mbele kidogo ili mzigo uondoke juu ya ulimi, ulimi uachishwe, ndipo waya ivutwe nyuma kwa upole. Ikikataa, ulimi bado umeshika, nguvu haisaidii. Ulimi wa chuma uliolazwa uinuliwe tena kidogo kabla ya kuirudisha pini, la sivyo pini itaingia bila ya kushika. Na siku ya kwenda garini, waya ya hasi ya betri itolewe kabla ya jambo lolote.

Hata hivyo, lililotushinda sisi halikuwa la mikono. Lilikuwa la mchoro. Kioo cha namna nyepesi kina mota mbili na waya tatu: moja ya mota ya juu na chini, moja ya mota ya kulia na kushoto, na ya tatu ni ya shirika. Umeme ukigeuzwa mwelekeo, mota nayo hugeuka, na kwa waya tatu hizo kioo hupata njia nne. Tulichora ubaoni plagi kama ionekanavyo mdomoni, nao wanafunzi wakairudisha huku wakiitazama upande wa waya. Kulia kukawa kushoto. Waya ya shirika ilikuwa katikati, haikuhama. Mbili za pembeni zikabadilishana. Dereva alipobonyeza juu, kioo kikaenda pembeni. Wanafunzi walicheka, na walikuwa na haki, maana tulichora kama kioo kichoravyo.

Tangu siku hiyo hatukubali mchoro usioandikwa "upande wa waya" au "upande wa mdomo", wala usioonyesha kilipo kifungo cha plagi, ama juu ama chini. Rangi peke yake hatuzitegemei: mara nyingine waya za kioo hazifanani rangi na za mlangoni. Na jaribio tunalotoa ni hili: kila mwanafunzi huichomoa plagi yake yote, kisha humpa mwenzake plagi pamoja na mchoro, bila ya kusema neno, airudishe. Pini ikiingia pasipo pake, alama hukatwa kwa aliyechora.