Je, Wajua? Sigara Iliyochomekwa Kwenye Kompyuta

Sigara za kielektroniki za mwanzo, zilizotokana na kifaa cha mfamasia Mchina Hon Lik mwaka 2003, zilikuwa na betri nyembamba isiyokaa na chaji. Baadhi ya watumiaji waliamua kuiacha betri hiyo kabisa, wakavuta umeme wa kompyuta kwa waya wa USB. Waya nao uling'oka upesi kwenye lehemu inayoushika ndani ya ganda, kwa kuwa ulivutwa kila mara. Dawa ni rahisi na nzuri kweli: piga fundo kwenye waya kwa ndani ya ganda. Ukivutwa, fundo ndilo linalobeba nguvu, lehemu inabaki salama.

Hatari yenyewe iko kwenye umeme. Tundu la USB 2.0 limeruhusiwa kutoa volti 5 na ampea 0.5 tu, ilhali koili yenye ukinzani wa omu 2.5 hudai ampea 2, mara nne ya kiwango hicho! Tundu la kompyuta linaweza kuungua.

Mwaka 2008 Waingereza Ted na Matt Rogers walipita njia nyingine: Screwdriver, kifaa cha chuma chenye umbo la tochi, na betri yake ikichoka inabadilishwa.