Watoto hawakukataa kusoma, walipotea ndani ya skrini

MWAKA jana shule ninayofundisha, upande wa Tororo, nusura ipokonywe vishikwambi 20. Mfadhili alikuwa amesoma kumbukumbu zinazohifadhiwa na mashine zenyewe: mtoto anafungua maktaba ya dijitali, anakaa dakika mbili, anafunga. Akakata shauri kwamba watoto wetu hawapendi kusoma. Barua ikaja, ikisema vifaa vitapelekwa kwingine muhula ukiisha.

Barua hiyo iliniuma kwa sababu ambayo mfadhili hangeweza kuijua. Mimi nilisomea uhamishoni. Wazazi wangu walivuka mpaka kuingia Kenya mwishoni mwa miaka ya 1980, wakati wa vita vya Teso, nami nikaingizwa darasani nisijue hata neno moja la Kiswahili. Maktaba yetu ilikuwa sanduku la bati. Hakuna mtoto aliyejua kichwa cha kitabu chochote. Tulisema, "Mwalimu, nipe kile chekundu," au "kile chenye fisi," naye akakitoa. Kiswahili hiki ninachoandikia nilikipata katika sanduku lile.

Basi nikafanya jambo moja dogo. Nilimkalisha msichana wa darasa la nne mbele ya kishikwambi, nikamwambia atafute hadithi ya sungura, kisha nikanyamaza. Msomaji, kama wewe ni mwalimu unajua kunyamaza kulivyo kugumu. Kidole kinawasha kutaka kuonyesha.

Msichana aligusa picha ya nyumba mara nne, na kila mara akarudishwa alikoanzia. Ile alama ya kutafutia, kioo cha kukuzia maandishi, hakuigusa kabisa. Nilipomuuliza baadaye ile ni nini, alijibu bila wasiwasi: "Ni kikaango, Mwalimu." Ana haki. Kioo cha kukuzia hajapata kukiona maishani, lakini kikaango hukiona kila jioni kwa muuza rolex.

Wa pili, mtoto wa Kisamia, alikwama penye orodha ya lugha. Aliitafuta lugha yake kwenye herufi S. Maktaba ile iliiweka kwenye O, kwa kuwa aliyeiandika alitumia Olusamia. Wengine huandika Lusamia, wengine Lusaamia, na watu ni wale wale, wanaoishi pande zote mbili za Busia. Wa tatu alishindwa kufungua ukurasa kwa sababu kitufe kilikuwa pembeni, mahali pale pale panapofunikwa na kidole gumba cha mkono unaoshika kifaa.

Jumamosi moja nilivuka kwenda Busia ya Kenya kunywa chai na mwalimu mwenzangu, dada ninayemheshimu sana. Huko serikali ilianza kugawa vishikwambi katika shule za msingi mwaka 2016, kwa hiyo wametutangulia. Nikamsimulia habari ya kikaango. Akacheka, akatoa daftari mkobani. Watoto wake walikuwa wameiita mwiko! Habari ya kitufe na kidole gumba alikuwa ameiandika miaka miwili kabla yangu, na alikwisha kubandika karatasi ukutani kuwaonyesha watoto namna ya kushika kifaa. Kutoka kwake hadi kwangu ni safari ya bodaboda. Neno bodaboda lenyewe lilizaliwa hapa mpakani, likafika hadi Dar es Salaam. Daftari la dada yule halikufika hata Tororo.

Hapa nina lawama. Wageni walishatutembelea kutoka mji mkuu, wakawapima watoto wetu siku mbili, wakagawa soda na biskuti, wakaondoka na karatasi zao. Ripoti hatukuiona. Kisha walikuja wengine na maswali yale yale.

Si lazima iwe hivyo. Mwaka 2002 Chuo Kikuu cha Maryland, Marekani, kilizindua maktaba ya dijitali ya watoto wa mataifa yote. Allison Druin na wenzake waliwaketisha watoto wa miaka 7 hadi 11 kama wabunifu wenzao. Waligundua kwamba mtoto hukumbuka kitabu kwa rangi ya jalada, wakaweka vitufe vya rangi, kisha wakayachapisha waliyoyaona ili wengine wayatumie. Niliposoma hayo nililikumbuka sanduku letu la bati.

Wala utafiti wa namna hii hauhitaji fedha nyingi. Jakob Nielsen, mtaalamu kutoka Denmark, aliandika mwaka 2000 kwamba ukiwatazama watu 5 tu wakitumia chombo utaona takriban asilimia 85 ya kasoro zake. Aliongeza sharti: makundi yakitofautiana, kila kundi litazamwe peke yake. Watoto watano wa Kampala hawawezi kusimama mahali pa mtoto wa Kisamia.

Hadithi zenyewe tayari zinavuka mipaka. Mradi wa African Storybook, wa shirika la Saide la Afrika Kusini, ulifungua tovuti yake mwaka 2014, na yeyote anaruhusiwa kusoma, kunakili na kutafsiri bila malipo. Zimo za Kiswahili, zimo za Ateso. Sasa kama hadithi inatolewa bure, kwa nini maarifa ya jinsi mtoto anavyoshindwa kuifikia yafungiwe kabatini? Majina ya watoto yaondolewe, bila shaka. Uganda na Kenya zote zilitunga sheria za kulinda taarifa binafsi mwaka 2019. Yanayobaki ni kikaango, mwiko na kidole gumba, na hayo hayamdhuru mtu.

Mimi na dada tuliunganisha madaftari, tukaandika kurasa nne, tukampelekea mfadhili na watengenezaji wa maktaba ile. Mfadhili ametuongezea muhula mmoja. Watengenezaji walijibu kwamba kioo kitabaki, maana ndiyo alama ya dunia nzima, ila orodha ya lugha wameirekebisha: sasa ukienda kwenye S unaipata. Kitufe wanakifikiria.

Kuhusu kioo, tumewafundisha watoto waguse kikaango. Msichana wa darasa la nne aliipata hadithi ya sungura, akaimaliza, kisha akaniuliza kama humo ndani mna ya fisi.