Rambirambi kwa Simu: Kinachofika na Kisichofika

Kwetu seminarini simu zina saa zake. Jioni moja mwaka jana, katikati ya mitihani, nilifungua yangu nikakuta ujumbe zaidi ya themanini kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Nilisoma kuanzia juu: baba mdogo amezidiwa, baba mdogo hatunaye, mweka hazina ni fulani, michango itumwe namba hii, mazishi kesho saa nane. Nilikuwa na shilingi elfu kumi. Nikazituma, nikaandika pole, na baada ya dakika chache jina langu likatokea kwenye orodha ya waliochanga. Ruhusa ya kwenda sikuiomba. Kijiji chetu ni mwendo wa saa tatu tu kwa basi kutoka Dodoma mjini.

Likizo ilipofika nilikwenda kumsalimu bibi, mama wa marehemu. Alinipokea vizuri, akanipa uji, kisha akasema kwa upole: "Mjukuu wangu, hela yako tuliiona. Wewe hatukukuona."

Maneno hayo ndiyo yamenifanya niandike. Simu imebadilisha maisha yetu kwa namna gani, na mpaka wake uko wapi?

Pesa ilitangulia

Kwa wengi wetu mabadiliko makubwa hayakuanza na simu janja, bali na kitochi. Zamani aliyetaka kutuma fedha kijijini aliiweka kwenye bahasha, akamkabidhi dereva wa basi au mtu anayesafiri, kisha akaomba Mungu. Mwaka 2007 M-Pesa ilianza Kenya, na mwaka 2008 ikaingia Tanzania. Mitandao mingine ikafuata. Huduma hizi hazikuhitaji intaneti. Mtu alibonyeza *150*00# kwenye simu yoyote na menyu ikafunguka.

Tukumbuke kwamba hakuna noti inayosafiri hewani. Unampa wakala wa Dodoma fedha taslimu, naye anakuongezea salio kutoka kwenye salio lake. Ukimtumia ndugu yako wa Kondoa, kinachobadilika ni kumbukumbu kwenye mitambo. Fedha anayoishika yeye inatoka kwenye droo ya wakala wa huko. Ndiyo maana nyakati nyingine unaambiwa, "Hela taslimu sina, njoo baadaye." Hata pesa ya simu, basi, mwisho wake inategemea mtu aliyeketi kibandani akikungoja.

Kisha simu janja

Simu janja imeongeza kamera, sauti na kundi. Fundi wa magari hapa mjini anapiga picha kipuri kilichovunjika, anamtumia muuzaji wa Dar es Salaam, na kesho yake kipuri kinafika kwa basi. Mkulima wa mahindi anauliza bei ya soko la Kibaigwa kabla ya kukodi gari, hivyo dalali hawezi tena kumwambia bei yoyote anayotaka. Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa kasi mwaka 2016, watumishi wengi walikuja huku familia zikibaki Dar es Salaam. Wapo wazazi waliosahihisha kazi za shule za watoto wao jioni kupitia kioo cha simu.

Hayo si mambo madogo. Hata katika msiba wetu, jeneza, gari na chakula vililipwa kwa michango ya simu ndani ya usiku mmoja. Ndugu aliyeko Muscat, ambaye zamani angepata habari kwa barua baada ya mwezi, alichangia siku ileile. Anayeidharau simu hajawahi kufiwa bila akiba.

Orodha isiyokamilika

Lakini nilipoirudia ile orodha niliona jambo ambalo sikuliona siku ile. Ilikuwa na jina la kila aliyetuma pesa. Haikuwa na jina la kijana wa jirani aliyechimba kaburi kwenye udongo mkavu wa mwezi wa nane. Haikuwataja akina mama waliobeba maji, wala mzee aliyelala uani siku tatu juu ya mkeka ili bibi asiamke usiku akajikuta peke yake. Hao hawakutuma kitu kwa sababu walikuwepo. Hapo ndipo naiona hatari: simu inahesabu vizuri kile kinachotumwa, nasi taratibu tunaanza kuamini kwamba kisichohesabiwa hakina uzito.

Katika mazungumzo ya Plato yaitwayo Phaedrus, Sokrate anasimulia kuhusu mfalme wa Misri aliyeletewa uvumbuzi wa maandishi. Mfalme hakushangilia tu. Aliuliza maandishi yatawafanyia nini wanaoyatumia. Swali hilo linafaa mbele ya kila chombo kipya.

Mtume Yohane alikuwa na chombo chake: karatasi na wino. Alikitumia, ndiyo maana tunazo nyaraka zake. Lakini mwishoni mwa ule wa pili na wa tatu anaeleza kuwa bado ana mengi ya kusema, ila hapendi kuyaandika. Anatumaini kwenda kuonana nao ana kwa ana. Aliandika, na alijua barua inafika wapi.

Kanisa nalo linafuata njia hiyo. Hati ya Vatikano ya mwaka 2002 kuhusu Kanisa na intaneti iliusifu uwezo wa mtandao, lakini ikakumbusha kwamba sakramenti haziwezi kuadhimishwa humo. Maji lazima yamguse mtu, na mafuta yapakwe mwilini. Vivyo hivyo, maaskofu wa AMECEA walipozipa kipaumbele jumuiya ndogondogo za Kikristo mwaka 1976, walikuwa wanafikiria majirani wanaoweza kutembeleana kwa miguu. Kundi la WhatsApp linaweza kubeba watu 1,024, nalo linafaa sana kutangaza kikao cha Jumamosi. Lakini "Amina" mia moja kwenye kundi hazijazi benchi moja kwenye nyumba ya mgonjwa.

Tufanye nini?

Mambo matatu yako ndani ya uwezo wetu. Kwanza, kama nauli inatosha na ruhusa inaombeka, twende. Na tukishindwa mazishi, twende baadaye, kwa sababu mfiwa huhitaji mtu zaidi pale mahema yanapong'olewa. Pili, mweka hazina wa kundi aandike na orodha ya pili: nani alichimba, nani alipika, nani alilala msibani. Tatu, aliye mbali kweli apige simu, azungumze kwa sauti yake, asiishie kutuma alama ya mikono iliyokunjwa.

Mimi niliomba radhi. Kesho yake bibi alinipeleka kaburini, tukang'oa magugu na kusali Rozari. Njiani kurudi alinisimulia utoto wa baba mdogo, mambo ambayo hakuna aliyeyaandika kwenye kundi. Mtihani niliufaulu. Mazishi ya baba mdogo sitayapata tena.