Kabla ya Kukodi Wingu, Hesabu Magunia

Msimu wa korosho ukifunguliwa Oktoba, karani wa AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, hana muda wa kupumua. Gunia likitoka kwenye mzani huandikwa jina la mkulima, kilo na daraja. Baadaye hufuata namba ya mnada, makato na malipo ya benki. Ifikapo Machi kazi imekwisha. Biashara yenye msimu mfupi kama huu inashawishika kirahisi na huduma za wingu, yaani kompyuta za kukodi kwa intaneti: unalipa unapotumia, huna haja ya kununua seva itakayokaa bure nusu mwaka.

Kampuni kubwa za wingu nazo zimesogea karibu. Microsoft ilifungua vituo vyake Afrika Kusini mwaka 2019, Amazon ikafuata Cape Town mwaka 2020, na Google Johannesburg mwaka 2024. Mwaka huohuo minada ya korosho ilianza kuendeshwa kielektroniki kupitia Soko la Bidhaa Tanzania, TMX. Chama kinachohesabu kwa daftari peke yake kitaachwa nyuma.

Lakini swali la kwanza si chombo gani ni cha kisasa. Ni kazi gani inatakiwa kufanywa. Chukua chama chenye wakulima 1,000, kila mmoja akileta mzigo mara 10 kwa msimu: hiyo ni mistari 10,000. Kompyuta mpakato ya kawaida yenye PostgreSQL, programu ya bure ya hifadhidata, huijumlisha kufumba na kufumbua. Kukodi mtambo wa uchambuzi kwa mzigo huo ni kutupa fedha za wakulima. Chama kama hicho kinahitaji wingu kwa jambo moja tu: kuhifadhi nakala, ghala likiungua au kompyuta ikiibwa.

Hali ni tofauti kwa chama kikuu cha ushirika, kiwanda cha ubanguaji, au watafiti wa korosho wa kituo cha TARI Naliendele. Kuoanisha mavuno ya miaka mingi na mvua, mbegu na tarehe za kupuliza salfa dhidi ya ugonjwa wa ubwiriunga ni kazi inayostahili mitambo mikubwa. Hapo ndipo bili inapopaswa kusomwa kwa makini. BigQuery, mtambo wa uchambuzi wa Google, kwa utaratibu wake wa kawaida, hutoza kwa wingi wa data inayosomwa, si kwa urefu wa jibu. Ukiuliza kilo za jana kwenye jedwali lisilogawanywa kwa tarehe, unalipia kusomwa kwa kilo za misimu yote.

Kuna pia hatari ya baharini, inakopita intaneti ya kufikia wingu. Mei 12, 2024 mikongo ya intaneti ya EASSy na Seacom ilikatika na intaneti ikayumba nchini kote. Ingetokea Novemba, ghala linalotegemea wingu peke yake lingesimama na foleni ya wakulima mlangoni. Mfumo wowote wa korosho lazima upime na kuandika bila mtandao, kisha utume baadaye.

Majina na akaunti za wakulima nazo zina sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inaweka masharti ya kupeleka taarifa hizo nje ya nchi. Bodi ya chama iulize seva iko wapi.

Kwa hiyo viongozi wa ushirika, kabla ya kusaini, mtakeni muuzaji awape kwa maandishi bili ya Novemba kwa shilingi. Kisha atoe kumbukumbu zenu zote mbele yenu, zifunguke kwenye programu nyingine. Akishindwa, msisaini.